Mtani wa Callixte

Nianze kwa kusema kwamba mimi sikumchukia Callixte hata siku moja. Watu wakisikia habari hii wanadhani nilikuwa na kinyongo naye. Kinyongo cha nini? Mtu ananipa ukoko kila siku ya Mungu, nimchukie ili iweje?

Callixte ni mpishi wa shule yetu hapa Mpanda. Jina la shule silitaji, mkuu wa shule hapendi maneno. Ni mfupi, ana miaka hamsini na kidogo, na mabega yake ni ya mtu aliyesonga ugali wa watu mia sita kwa miaka kumi na minne. Mwiko wake unanizidi urefu. Alfajiri anatoka kwa baiskeli kwenye chumba alichopanga Shanwe, na sisi tukiamka uji unachemka. Ijumaa jioni anapanda baiskeli hiyohiyo kwenda Katumba kwa mke wake, Odeta, na shamba lake la mahindi, halafu Jumapili baada ya misa anarudi. Siku hizo mbili tunapikiwa na mama mmoja ambaye maharage yake yanagonga meno, ndiyo maana Jumatatu Callixte anapokewa kama mbunge.

Alizaliwa Katumba mwaka sabini na nne, miaka miwili baada ya wazazi wake kuvuka kutoka Burundi. Uraia aliupata akiwa mtu mzima mwenye watoto wanne, na cheti chake amekifunga kwenye nailoni mbili. Mama yangu mzazi, Pudensiana, amezaliwa sabini na sita. Kwa hiyo Callixte alianza kula mahindi ya nchi hii kabla ya mama yangu. Lakini mama yangu anaitwa Mama Romana, na Callixte anaitwa Mrundi. Hesabu hiyo mimi sikuwahi kuifanya mpaka yaliponikuta yaliyonikuta.

Romana ndiye mimi. Nasoma mchepuo wa HKL, Historia, Kiswahili na Kiingereza, nyumbani ni Usevya, kabila Mpimbwe, na mdomo wangu hauna breki. Mwaka jana nikiwa kidato cha tano, mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Telesfori, alinipa kazi ya kuandika tamthilia ya kuchezwa kwenye mahafali. Nikaandika kurasa kumi na nane za ghala la kijiji na mwenyekiti anayeiba mahindi. Kulikuwa na mwenyekiti, mke wa mwenyekiti, bibi shamba, na mkulima mwenye hasira. Wote wanaongea sawasawa, wote wanachosha kama risala. Nikaona hapa bila cha kuchekesha watu watasinzia. Nikamtia mlinzi. Kwenye orodha ya wahusika nikaandika: MRUNDI, mlinzi.

Sasa mlinzi lazima aongee. Nikachukua daftari nikaenda jikoni.

Callixte alinipisha kwenye kigogo chake nikae. Nikamuuliza habari za maisha yake, naye akanisimulia huku anakoroga: jinsi baba yake alivyofyeka pori pale Katumba kwa panga moja, jinsi alivyoacha shule darasa la sita, jinsi Odeta alivyomkataa mara mbili. Nilienda wiki tatu. Wakati mwingine alisitisha mwiko akasubiri kalamu yangu imfikie, kwa maana alidhani namwandika yeye. Mimi nilikuwa nasikiliza R tu.

Maana herufi ya L inampa tabu, lakini kidogo. Akiwa na haraka, "chakula" kinakuwa "chakura". Akitulia anaisema vizuri kuliko hata mtangazaji wa redio. Mimi kwenye karatasi nikamnyang'anya L zote. Sentensi niliyojivunia kuliko zote ilikuwa hii, mlinzi anapoulizwa mahindi yamepitia wapi: "Bwana mkubwa, mimi narinda mrango. Mahindi yakitokea dirishani, hiro si rangu."

Mlinzi aliigizwa na Masunga, Msukuma wa Majimoto, rafiki yangu. Mimi na yeye tunataniana tangu siku ya kwanza darasani, kwa sababu kule kwetu Mpimbwe tunaishi mtaa mmoja na Wasukuma na tumezoeana vibaya. Yeye anasema Mpimbwe akipika wali anafunga mlango. Mimi namwambia Msukuma ng'ombe anawaita kwa majina, watoto anawahesabu tu. Masunga ana kipaji, huyo. Alivaa koti kubwa, akaweka rungu begani, na kabla hajafungua mdomo ukumbi ulikuwa umeshapasuka.

Nilikuwa nimesimama pembeni ya jukwaa. Niliona wanafunzi wanacheka, halafu wanageuza shingo kuangalia nyuma. Callixte alikuwa kwenye mlango wa nyuma na aproni yake, amesimama na wapishi wenzake. Kila R ilipotoka, shingo mia sita ziligeuka. Mwishoni mwenyekiti anaamuru mlinzi atolewe nje, anabebwa mabega juu, na hapo watu walicheka mpaka mgeni rasmi akatoa leso. Callixte naye alicheka. Alipiga makofi. Mimi nikasema moyoni, basi, hana neno.

Kuanzia Jumatatu ile sentensi ilihamia kwenye foleni ya chakula. Mtoto wa kidato cha kwanza, hajaota hata ndevu, anasogeza sahani: "Mzee, mboga ikiisha, hiro si rangu?" Wa nyuma yake naye hivyohivyo. Siku nzima, wiki nzima, muhula mzima. Callixte anachota, anamwaga, anaita anayefuata. Sikuwakataza. Nikisema kweli nilikuwa nasikia raha. Mwandishi gani hapendi maneno yake yakisemwa na watu?

Mwezi wa nne Mwalimu Telesfori akatufundisha fasihi simulizi, akafika kwenye malumbano ya utani. Yeye hafundishi kwa kuandikisha notisi, anaongea huku anatembea katikati ya madawati. Akasema utani una sheria mbili tu. Ya kwanza, ukitoka lazima urudi. Ya pili, mtani hanuniwi. Akatukumbusha misibani, jinsi mtani anavyovaa nguo za marehemu na kumuiga anavyotembea, anazuia watu wasifukie mpaka apewe kuku, na hakuna anayemgusa. Sisi wa madawati ya nyuma tukacheka, kila mtu ana mtani wake anayemkumbuka.

Masunga akanyoosha mkono. "Mwalimu, ile tamthilia ya Romana ilikuwa utani au dhihaka?"

"Oya!" nikasema. "Si wewe uliyeigiza?"

"Niliigiza. Ndiyo maana nauliza. Baba alikuja mahafali. Alicheka sana, halafu tukiwa njiani akaniuliza, mwanangu, yule mzee wa watu amekukosea nini?"

Darasa likageukia kwangu. Nikapandwa na hasira, siwezi kuficha. Nikasimama nikasema fasihi ni kioo cha jamii, nimeandika watu wanavyoongea, na kama kila mhusika akiongea kama Biblia hakuna atakayesoma kitabu. Nikasema mbona Masunga mwenyewe nikimsema ng'ombe zake hakuna anayeita mkutano. Nikasema ni utani tu.

Mwalimu Telesfori hakubishana. "Masunga ukimsema anakurudishia saa hiyohiyo," akasema. "Callixte akitaka kurudisha, anamrudishia nani?"

"Ananirudishia mimi."

"Umemwambia?"

"Anajua, mwalimu."

"Nimeuliza, umemwambia?"

Kengele ilipogongwa nilienda jikoni moja kwa moja, hasira bado imenijaa puani. Callixte alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, ile tamthilia. Mimi nilikutania tu. Si unajua?"

Akaweka ungo chini. "Ulinitania?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mimi na wewe ni watani?"

"Ndiyo, mzee. Watani."

Akaokota jiwe moja kwenye ungo, akalitupa, nikafikiri hajanielewa. Halafu akaniambia jambo ambalo kwenye daftari langu la wiki tatu halimo, kwa kuwa sikuwahi kuuliza. Baba yake alifariki mwaka tisini na nane. Majirani Wakonongo walikuja, walichimba kaburi, walilia na wao, watu wazuri tu. "Lakini hakuna aliyemcheka mzee," akasema. "Hakuna aliyevaa kofia yake. Mimi nimehudhuria misiba ya watu hapa, mwanangu. Mtani akiingia, wafiwa wanacheka kidogo, wanapata kupumua. Sisi siku ile hatukupumua. Tulipofika nchi hii tulikuta makabila yameshagawana watani, yamemaliza. Tukabaki hivihivi."

Mimi nilikuwa nataka kuondoka. Nikamjibu haraka, kama unavyomkaribisha mpita njia chakula huku unaomba awe ameshiba: "Basi sasa unaye. Ni mimi."

Akafuta mkono kwenye aproni, akanipa. "Nimekubali," akasema. Niliisikiliza ile L makusudi. Ilikuwa imenyooka.

Nikachukua ukoko wangu nikaenda kumwambia mwalimu kwamba jambo limekwisha.

Mwishoni mwa mwezi wa saba bibi yangu, mama yake mama, alifariki Usevya. Kama kuna mtu nilimpenda duniani ni yule. Ukimpikia wali alikuwa anaonja kijiko kimoja, anakuuliza, "Huu umeupika au umeutisha tu?" Nilikuwa nimemsimulia Callixte hayo mara nyingi jikoni. Nilienda nyumbani na basi la kwanza. Siku ya maziko shule ikaleta wawakilishi: Mwalimu Telesfori, Masunga, wanafunzi wengine wanne, na Callixte, ambaye nilikuja kusikia aliomba nafasi mwenyewe. Waliingia na vumbi la barabara yote ile ya kupita hifadhini, na Callixte amevaa koti la buluu la kuendea kanisani. Alinipa mkono wa pole kama wengine. Akaenda kukaa na wanaume.

Katekista alisali, jeneza likashushwa, tukatupia udongo wa mkono. Watani wa Kisukuma walikuwepo, lakini siku hizi nao wamestaarabika, wamekaa kwenye viti vya plastiki wanachezea simu. Mjomba Bartolomeo, kaka mkubwa wa mama, akaashiria vijana waanze kufukia. Mmoja akainama kuokota chepe. Hakulikuta.

Lilikuwa kwa Callixte. Amekaa juu ya kifusi cha udongo, koti lake la buluu na yote, chepe amelilaza magotini.

"Bibi huyu hafukiwi," akasema kwa sauti ya kuita foleni. "Wajukuu zake bado wanatisha wali. Akiondoka nani atawasema?"

Watu mia mbili wakageuza shingo.

"Nani huyu?" Mjomba akauliza.

Mtu akajibu nyuma yangu, "Mpishi wa shuleni kwa kina Romana. Mrundi wa Katumba."

"Mrundi?" Mjomba ni mrefu, na kumpoteza mama yake kulikuwa kumemfanya mkali siku tatu nzima. "Mrundi anakuja kutuchezea kwenye kaburi la mama yangu? Amelewa. Mtoeni."

Vijana wawili wakamshika mabega wakamwinua. Hakujitetea. Hakusema kwamba hajalewa, na wala hajui ladha ya pombe, maana ni mtu wa Utume wa Rozari. Hakumwangalia Mjomba. Aliniangalia mimi.

Nataka nieleze vizuri hapa, kwa sababu nimeulizwa sana. Nilijua kila kitu kwa mara moja. Nikinyamaza, Callixte ni mlevi wa Kirundi aliyeharibu msiba wa watu. Habari itafika shule kabla ya gari, na kazi ya miaka kumi na minne itaishia pale kwenye kifusi. Nikifungua mdomo, lazima niwaeleze ukoo mzima, na mama yangu akiwa amekaa pale kwenye mkeka, huyu amekuwaje mtani wangu. Jambo lenyewe halielezeki bila kusema nilichofanya. Na mimi si mtu wa kuomba radhi. Nyumbani wananijua, hata kipigo hakikuwahi kuniombesha radhi. Nilikuwa naogopa kweli. Walishamfikisha kwenye uzio wa miti ndipo nikasimama.

"Mjomba, mwacheni. Ni mtani wetu."

"Mtani wa upande gani? Sisi na Warundi tulianza kutaniana lini?"

"Mwezi wa nne."

Mtu mmoja akacheka, akaacha. Mjomba alikuwa ananiangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza. Nikaendelea, maana kuishia hapo kungekuwa kubaya zaidi. "Mimi ndiye niliyeanza. Niliandika mchezo, nikamuiga anavyoongea, nikamfanya mjinga mbele ya shule nzima. Watoto wadogo mpaka leo wanamuiga anapowapakulia. Halafu nikamwambia ulikuwa utani. Nikampa mkono. Sasa amekuja kurudisha."

Kule kwenye mkeka mama akainua kichwa. Macho yamemvimba, sauti imekauka kwa kulia.

"Aliyeanza ni huyu wetu?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Na mkono mlipeana?"

"Tulipeana."

"Basi mnamshikia nini? Mtani hashikwi. Mwachieni mgeni wa watu, tena amekuja kutoka mbali."

Vijana wakamwachia. Masunga, ambaye alikuwa ameshasimama tayari kwa lolote, akakaa. Callixte akajifuta udongo kwenye koti taratibu, akarudi kwenye kifusi, akakaa palepale. Mjomba Bartolomeo alipumua kwa nguvu, akakunja mikono, na akaongea kwa sauti nyingine, ile ambayo watu wa kwetu wanaitumia kwa shughuli hizi.

"Haya, mtani. Nimekuona. Unataka nini utupe chepe?"

"Jogoo."

"Utapewa."

"Asiwe kama wale niliowaona pale nyuma ya nyumba. Wale ni njiwa."

Shangazi mmoja akaguna kicheko. Jogoo akaletwa, Callixte akampima uzito mkononi, akampuliza manyoya kutafuta nyama, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Sasa watu walikuwa wanacheka, kwa aibu aibu, kama wanaojaribu maji kwa kidole. Hata wale Wasukuma waliweka simu mfukoni. Nikajua imeisha, nikashusha pumzi.

"Chepe," Mjomba akasema.

"Bado," Callixte akasema. "Kuna huyu. Nimalizane naye kwanza."

Akamwomba katekista kitabu cha nyimbo. Akakishika karibu na pua kama mimi ninavyoshika daftari, akarefusha shingo, akabana midomo. Akaanza kuongea, na ilikuwa sauti yangu. Ilikuwa na "yaani" zangu, moja kila baada ya maneno matatu, sijawahi kujua ni nyingi hivyo. Ilikuwa na Kipimbwe changu chote ndani ya Kiswahili, kile ninachoamini miaka yote kwamba hakisikiki, kwamba nilikiacha Usevya siku nilipopanda basi kwenda shule. Alikuwa nacho chote. Alikuwa amekisikiliza wiki tatu.

"Yaani mzee," akasema, "yaani wewe simulia tu. Yaani mimi nakuandika wewe, yaani maisha yako yote." Huku mkono wa pili umepenya nyuma ya mgongo, umekunjuka, vidole vinachezacheza. "Yaani, ukoko upo?"

Msiba mzima ulipasuka. Mjomba Bartolomeo alishika mti wa uzio. Mama yangu, ambaye alikuwa hajacheka siku tatu, alijifunika kanga usoni na mabega yakawa yanaruka. Mwalimu Telesfori aligeukia pembeni. Nami nilicheka, kwa sauti, mbele ya wote, kwa sababu ndiyo sheria, mtani hanuniwi. Iliniuma, jamani. Iliniuma kweli, mpaka kwenye meno, na yeye alikuwa ndiyo kwanza anafungua ukurasa wa pili.